Hatuvuti, Hatunywi, Tunasugua Tu

Kwa miaka kumi na mmoja Birsmani Kujur aliwauliza wanawake wenye mimba wa kijiji chake maswali mawili yaleyale, na kwa miaka kumi na mmoja akapata jibu lilelile.

"Unavuta?"

"Sivuti."

"Unakunywa?"

"Mimi? Ninywe nini?"

Naye akaandika hapana, hapana, kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la nane, moyo mweupe kabisa. Hakudanganya. Wala wao hawakudanganya. Mambo yakitaka kuharibika hayahitaji mwongo. Watu wakweli wakijipanga vizuri wanatosha.

Kijiji chenyewe kiko Jashpur, kwenye milima ya Chhattisgarh, na watu wake ni Wauraon, wakulima wa mpunga. Birsmani aliolewa hapo akiwa na miaka kumi na saba. Serikali ilipotaka kila kitongoji kichague mwanamke mmoja wa kufuatilia afya ya wenzake, wanawake walimchagua yeye kwa sababu mbili: alijua kusoma, na alijua kugombana. Cheo chake kiliitwa mitanin, yaani rafiki wa kiapo, yule wa damu na maziwa. Urafiki gani, yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza. Alibeba vidonge vya malaria kwenye jua, aliwafukuzia watoto chanjo kama anayefukuza kuku, alilala kwenye baraza za zahanati akisubiri wake za watu wajifungue. Shukrani aliyopata ni kuitwa "yule mama wa maswali".

Tatizo la yale maswali mawili lilikuwa hili. Kuvuta, pale kijijini, ni kutia moto kitu ukatoa moshi, na hilo ni la wanaume. Pombe ni ile ya chupa yenye nembo, inayomfanya mtu auze baiskeli. Handia si pombe. Handia ni wali uliochachushwa kwa vidonge vya mizizi, ukawa mweupe mchachu. Wahenga humwagiwa, mgeni hukaribishwa nao, na mwenye mimba hupewa bakuli mbili, zile za kushonwa kwa majani, kila siku ili mwili upoe na mtoto apate nguvu. Mwambie mwanamke wa pale kwamba handia ni pombe, atakutazama kama umemwambia uji ni bunduki.

Na gudakhu, je? Gudakhu ni dawa ya meno. Ni rojo jeusi kama lami, tamutamu, linauzwa kwenye kikopo cha bati. Kila asubuhi wanawake wote wa kijiji hukaa kwenye ngazi za bwawa, kila mmoja kidole cha shahada mdomoni, wakisugua fizi nusu saa nzima na kutema, kusugua na kutema. Hapo ndipo habari za kijiji hutangazwa. Nani kaposwa, ng'ombe wa nani kavuka, mume wa nani kalala wapi. Kichwa kinakuwa chepesi, tumbo linafunguka, mtu anakwenda haja yake kwa raha. Asiyesugua atakaa pale afanye nini? Atazame maji?

Ndani ya rojo hilo mna tumbaku. Mna tumbaku na sukari guru, basi, hakuna kingine cha maana. Na hili halikuwa siri. Juu ya kopo palikuwa na picha ya mdomo uliooza: fizi zimeliwa, shavu lina tundu, meno yamesimama kama visiki baada ya moto. Serikali iliiweka ili watu waogope. Wanawake wa kijiji waliitazama wakaridhika. Kwani kopo la dawa ya mgongo halina picha ya mtu kashika mgongo? Dawa ya mende si ina mende? Basi hii inatibu ule mdomo. Miaka michache baadaye picha ilikuzwa hadi ikajaa karibu kopo zima, na Mangri, jirani yake Birsmani, mjane mwenye ulimi kama mundu, akatangaza bwawani kwamba kiwanda kimeongeza nguvu ya dawa.

"Ile ya zamani ilikuwa na picha ndogo," alisema, "ndiyo maana jino langu la nyuma halikupona."

Chini ya picha palikuwa na maandishi. Wengi wao hawakujua kusoma. Birsmani alijua. Lakini nani anasoma dawa ya meno?

*

Siku ya kupima watoto, mwezi wa Machi, Sukanti alikuja. Sukanti ni binti pekee wa Birsmani. Aliolewa kijiji cha ng'ambo ya mto, mumewe alikuwa mbali kwenye matanuri ya matofali, na sasa alikuwa amerudi kwa mama yake akiwa na mimba ya miezi minne. Mtoto wa kwanza alimzalia kwa wakwe. Huyu wa pili aliapa kumzalia kwao.

Mtoto wa kwanza anaitwa Anupa. Alizaliwa na kilo moja na gramu mia nane, akatembea akiwa na miaka miwili na ushee, na sasa, na miaka yake minne, alikuwa na maneno sita: mama, maji, mbuzi, nipe, sitaki, na jina la paka. Sitaki ndilo alilolitumia zaidi. Hakutulia mahali hata dakika. Mara yuko kwenye jiko, mara kwenye zizi, mara anamng'ata mtu kwa furaha. Ukimfundisha leo kwamba chungu kinaunguza, kesho anaunguzwa upya na kushangaa upya. Birsmani alikuwa na maelezo yake: jicho baya la majirani wa wakwe. Wakwe nao walikuwa na yao: Sukanti alikata boga siku ya kupatwa kwa mwezi.

Nesi Tersa alimpima Anupa, akamzungushia utepe kichwani, akaandika. Alikuwa msichana wa thelathini hivi, Muuraon kama wao, aliyesomea Ambikapur, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Kisha akamshika Sukanti mkono, lakini si kwa ajili ya mapigo ya moyo. Alikuwa anatazama kidole cha shahada. Ncha yake ilikuwa nyeusi.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Nini, Nesi?"

"Gudakhu."

Sukanti akacheka. "Mara tano. Sita, nikiwa na kichefuchefu."

"Na mimba ya Anupa?"

"Vilevile."

"Na handia?"

"Bakuli mbili. Siku za joto tatu. Mama mkwe ndiye alikuwa anapima, hataki nizidishe."

Birsmani, aliyekuwa anapanga kadi, akainua kichwa. "Nesi, mbona unamuuliza mswaki? Huyu havuti, hanywi. Nimeshaandika hapo."

"Nimeona ulichoandika, mama. Una kopo lako hapo?"

Kama analo! Lilikuwa kiunoni, kwenye pindo la sari, mahali pake pa siku zote.

"Geuza. Soma."

Birsmani akasoma. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kama enzi za darasa la nane. Tumbaku husababisha saratani. Tumbaku huua kwa uchungu. Akarudia. Kisha akageuza upande wa picha, akaitazama kwa mara ya kwanza baada ya kuitazama mara elfu.

"Hii," akasema, "hii si ndiyo inayotibiwa?"

"Hii ndiyo inayoletwa, mama."

Tersa aliwaeleza pale pale, bila kupaza sauti. Kwamba tumbaku haijali imeingia kwa moshi au kwa fizi. Ikifika kwenye damu hubana mishipa, na chakula na hewa vinavyomwendea mtoto kupitia kondo la nyuma vinakuwa haba, basi mtoto anazaliwa mdogo, au kabla ya siku zake, au hazaliwi hai. Kwamba handia ina kilevi hata kama wahenga wanaipenda, na mama akinywa, mtoto kanywa, naye hana ini la kukisafisha. Ubongo unajengwa miezi yote tisa, si mwezi mmoja. Ukijengwa ndani ya kilevi, mtoto anaweza kuchelewa kusema, asitulie, afundishwe na asikumbuke.

Sukanti alikuwa hacheki tena. "Kwa hiyo Anupa..."

"Sisemi ni hicho. Hakuna anayeweza kuapa kwa mtoto mmoja. Nasema huyu aliye tumboni bado ana miezi mitano, na kila siku utakayoacha inahesabika. Handia hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama. Hata kimoja."

Akafunga daftari, akapanda pikipiki yake, akaondoka. Watu wa afya ndivyo walivyo. Wanaangusha mti katikati ya nyumba yako halafu wanawahi kituo kingine.

*

"Leo leo unaacha," Birsmani alisema walipofika nyumbani. "Yote mawili. Sitaki kusikia kesho."

"Sawa, mama. Nani alinifundisha?"

"Nini?"

"Kusugua. Nani alinifundisha?"

Birsmani akajifanya anatafuta ungo. Ungo ulikuwa mbele yake.

"Nilikuwa na miaka tisa," Sukanti akaendelea. "Jino lilikuwa linaniuma nalia usiku kucha. Ukachovya kidole chako, ukaniweka mdomoni, ukasema, sugua mwanangu, utapona. Kichwa kikanizunguka nikatapika. Ukasema, ndiyo dawa inafanya kazi."

"Sikujua!"

"Najua hukujua. Nasema tu. Unataka niache, tuache wote."

"Mimi nina mimba? Nina miaka arobaini na sita! Mimi ni bibi!"

"Basi bibi kaa na kopo lako, na mimi nikae na langu."

Kuna hasira za kupiga kelele na kuna hasira za kukata kuni. Birsmani alikata kuni za wiki nzima jioni ile. Bandhan, mumewe, alisogeza kiti chake mbali kidogo na shoka, akaendelea kunyamaza, kipaji alichopewa na Mungu na anachokitumia vizuri.

Kesho yake Birsmani alikwenda bwawani kuwahubiria wenzake. Lilikuwa kosa. Alisimama kwenye ngazi akaeleza yote, tumbaku, mishipa, kondo la nyuma, saratani, na wanawake kumi na wanne wakamsikiliza kwa heshima, vidole mdomoni.

Mangri akatema. "Umemaliza, shoga?"

"Nimemaliza."

"Hebu cheka tuone fizi zako."

Wakaangua kicheko hadi bata wakaondoka. Kweli, nyani haoni kundule. Fizi za Birsmani zilikuwa nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria.

"Mimi nimezaa watano na gudakhu mdomoni," mmoja akasema. "Wote wana masikio mawili."

"Wa tatu amerudia darasa la kwanza mara nne," Birsmani akamjibu.

"Hiyo ni kwa sababu ya mwalimu!"

"Na wewe, uliyetuandikia hapana, hapana, miaka yote hii?" Mangri akauliza, sasa bila kucheka sana. "Leo ndiyo umejua kusoma?"

Birsmani akatoa kopo lake kiunoni, akalitupa katikati ya bwawa mbele yao wote. Lilikuwa jipya, halijafika nusu. Halikuzama hata, lilielea pale likizunguka, mdomo uliooza ukitazama juu, na wanawake wakacheka tena.

*

Siku ya kwanza bila gudakhu Birsmani hakwenda haja. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu kichwa kilimgonga kana kwamba ndani wanatwanga mpunga, akamgombeza mbuzi kwa namna alivyokuwa anatafuna. Siku ya nne Bandhan alimuuliza kama chumvi ipo, akajibiwa kuhusu ukoo wake wote tangu babu. Alikula mapapai, alikunywa maji ya moto, alitafuna shamari, alitafuna kijiti cha mwarobaini hadi meno yakalegea. Bwawani alienda mchana, peke yake, akanawa akaondoka. Kwa hiyo hakusikia kwamba mpwa wa Mangri anaolewa; aliona watu wamevaa sari mpya akauliza kuna nini. Miaka ishirini na tisa katika kijiji hicho, na leo anauliza kuna nini kama muuza sufuria!

Sukanti naye alisema ameacha. Alikuwa mkimya na mwenye adabu, na Birsmani alipaswa kutambua hapo hapo kwamba kuna jambo. Mtu anayeacha gudakhu kweli hana adabu.

Mama mkwe wa Sukanti, Jhano, alikuja katikati ya Aprili, kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto, chungu cha handia kichwani. Alikuwa mama mfupi, mkavu, mchapakazi, na aliketi barazani akachambua bakuli za majani kama aliyeko kwake.

"Nimeipika mwenyewe," akasema. "Nimetia mizizi ya nguvu. Mwite mkwe wangu."

"Mkwe mwenzangu, hanywi tena."

"Anaumwa?"

"Hanywi kwa sababu ya mtoto."

"Ndiyo, kwa sababu ya mtoto. Ndiyo maana nimeileta."

Birsmani akavuta pumzi. Alieleza tena. Alikuwa ameshaeleza mara nyingi hivi kwamba maneno yalitoka yenyewe, yamechakaa kama noti ya sokoni. Jhano alisikiliza kichwa upande.

"Mimi nimezaa saba kwa handia."

"Saba," Birsmani akasema. "Na wako wangapi?"

Lilimtoka. Alitaka kulidaka hewani, lakini lilikuwa limeshafika. Jhano ana wanne. Watatu wamelala nyuma ya shamba la wakwe, mmoja hakufika hata kupewa jina, na nchi nzima inajua.

Jhano aliweka bakuli chini taratibu. "Usinihesabie maiti zangu, mama Sukanti. Naijua idadi."

"Nisamehe. Nina siku kumi na nane sijasugua, ulimi wangu si wangu."

"Ulimi wako ulikuwa hivyo hivyo siku ya harusi." Akainuka. "Watoto wangu walikufa kwa homa na njaa. Wewe ulikuwepo? Kuna mwaka tulikula mbegu za mpunga. Handia ndiyo chakula pekee kilichokuwemo ndani. Leo nesi mwenye pikipiki anakuja kuniambia niliwaua."

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Mmesema. Mmezungusha tu."

Akaondoka bila chungu, na bila kuaga, jambo ambalo kwa Wauraon ni kama kumwaga maji ya moto mlangoni. Bandhan aliitazama handia jioni nzima, mwishowe akasema kwamba itaharibika. Birsmani hakuwa na nguvu za vita vya tatu, akamwacha ainywe.

*

Wiki iliyofuata Birsmani alikwenda nyuma ya zizi kutafuta mayai, akamkuta Sukanti amechuchumaa kwenye kivuli, kidole mdomoni, macho ameyafumba kwa utamu.

Birsmani hakupiga kelele. Alitamani, lakini kilichomtoka ni kicheko kibaya, kikavu. "Mimi nakula mapapai kama popo," akasema. "Najisaidia kwa kuomba Mungu. Nimekosa harusi. Nimemtukana mama mtu mzima akiwa barazani kwangu. Na wewe uko hapa na mbuzi mnafanya sherehe."

Sukanti hakutoa kidole. Machozi ndiyo yaliyotoka kwanza.

"Nilipunguza."

"Hadi ngapi?"

"Mbili. Siku nyingine tatu."

"Kwa nini ulinidanganya? Mficha uchi hazai, mwanangu, na wewe unakaribia kuzaa!"

"Kwa sababu siwezi, mama!" Sasa alitema, akapangusa mdomo kwa upande wa mkono. "Na si kichwa kuuma. Kichwa nakiweza. Nikiacha, halafu huyu azaliwe mkubwa, asome, aseme maneno yote, watu watasemaje? Watasema unaona? Watasema yaliyompata Anupa ni mimi. Nikiendelea kusugua, huyu akizaliwa vilevile, basi ni mwezi. Ni boga. Ni jicho la mtu. Mimi simo."

Mbuzi akatafuna. Anupa alikuwa upande wa pili wa zizi akipanga mawe kwa mstari, jiwe baada ya jiwe, na kila mstari ukiisha aliupiga teke na kucheka na kuanza upya.

Birsmani alijua namna ya kumjibu mtu anayesema gudakhu inasafisha meno. Alijua namna ya kumjibu Mangri. Kwa hili hakuwa na karatasi wala kadi. Akachuchumaa karibu na binti yake, magoti yakalia.

"Sikiliza. Kama ni gudakhu, basi ni kidole changu mimi. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka tisa na jino bovu. Wakiuliza, nitawajibu mimi, najua kugombana. Lakini utakuja kumtoa huyu mmoja sadaka ili yule wa kwanza asiwe kosa la mtu? Ni hesabu gani hiyo? Hata mimi wa darasa la nane naiona haikai."

Sukanti akalia kwa muda. Kisha akampa kopo. Birsmani alilipokea, akalinusa bila kutaka, na mate yakamjaa mdomoni. Akalifunga haraka, akalitosa kwenye shimo la choo. Safari hii hakulipa nafasi ya kuelea.

"Leo ni leo," Sukanti akasema. "Lakini nikikutukana usinirudishie."

"Nitarudishia. Nitachagua maneno madogo."

Walitukanana Mei nzima. Mara mbili Sukanti aliteleza, mara zote mbili akasema mwenyewe kabla ya kuulizwa, na mara zote mbili Birsmani alikata kuni. Kuni za msimu mzima wa mvua zilipatikana mwaka ule.

Kuhusu Anupa, Nesi Tersa aliwaelekeza kituo cha watoto wa namna yake mjini, safari ya basi na mguu. Birsmani alianza kumpeleka kila Alhamisi. Wakufunzi walimfundisha yeye bibi zaidi ya mtoto: sema naye jambo moja moja, rudia, usimpigie kelele akisahau, mpe kazi ya mikono. Usimpigie kelele! Birsmani alilirudia hilo njia nzima ya kurudi huku amemshika Anupa pindo la gauni asirukie dirishani. Kufika Julai, Anupa alikuwa na maneno kumi na moja. La kumi na moja lilikuwa la matusi, na hakuna aliyekuwa na shaka amelitoa wapi.

*

Mtoto alizaliwa zahanati mwezi wa Agosti, saa nne asubuhi, mvua ikipiga bati, wiki mbili kabla ya siku zake. Wa kiume. Nesi Tersa akamweka kwenye mizani.

"Kilo mbili na mia sita."

"Pima tena," Birsmani akasema.

"Mama."

"Pima tena, nakwambia, mizani hii naijua ni mwongo."

Ikapimwa tena. Mbili na mia sita. Mtoto alilia kwa sauti iliyojaa chumba, akatafuta ziwa mwenyewe, akalipata. Tersa alisema analia vizuri, ananyonya vizuri, mengine yataonekana akikua, watamfuatilia. Birsmani alitaka aambiwe zaidi ya hapo. Alitaka mtu amwandikie na kumpigia muhuri. Hakuna muhuri wa namna hiyo.

Jhano aliingia saa sita, ameloa hadi goti, hajaonana nao tangu Aprili. Akamshika mjukuu, akamfunua, akahesabu vidole, akamgeuza kama anayechagua boga sokoni.

"Mwembamba," akasema.

"Mbili na mia sita!" Birsmani akadakia.

"Mngemwacha mama yake anywe handia, angefika tatu."

Birsmani alifungua mdomo. Ndani yake yalikuwa yamejipanga mambo ya miezi mitano: mapapai, vijiti vya mwarobaini, mabasi ya Alhamisi, kuni, harusi aliyoikosa. Yangetoka yote kwa pamoja. Lakini Sukanti, aliyelala akitazama bati, aliwahi.

"Mama mkwe, kwa Anupa nilikunywa bakuli zako zote. Na gudakhu juu. Alikuwa na kilo moja na mia nane. Ulimshika wewe mwenyewe, ukasema ni kama njiwa."

Jhano alimtazama mtoto mkononi, akamtazama Anupa, aliyekuwa chini ya kitanda akivua kandambili za kila aliyeingia na kuzipanga kwa mstari. Akakaa pembeni ya kitanda. Midomo yake ilitikisika kama anayehesabu, na Birsmani, kwa mara moja katika maisha yake, alinyamaza na kumwacha ahesabu.

Mvua ikapungua.

"Wale wangu," Jhano akasema mwishowe, sauti ndogo, bila kumwangalia mtu. "Ilikuwa njaa."

"Ilikuwa njaa, mkwe mwenzangu," Birsmani akasema.

Jhano akapangusa pua kwa pindo la sari, akajikohoza, akarudi kuwa Jhano.

"Sawa. Tumboni asinywe, nimesikia. Lakini sasa ameshatoka, si ndiyo? Mama yake anyonyeshe huku anakunywa bakuli moja tu, maziwa yashuke. Nimeacha chungu hapo nje kwa mlinzi."

Birsmani akamtazama Tersa. Tersa akatazama saa yake. Pikipiki ilikuwa inamsubiri.

"Mlinzi keshaanza?" Birsmani akauliza.

"Nilimwambia aonje."

Birsmani akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na mkwe mwenzake, akakunja miguu. "Haya," akasema. "Tuanzie kwenye maziwa."